Birika Lisilojua Kusimama

Kila siku saa moja asubuhi Nassima alifika kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Ikoni, akapanda ngazi ya chuma yenye vidato kumi na viwili, akasoma kipimo cha upepo na kuandika tarakimu zake katika daftari la idara ya hali ya hewa. Jumamosi ya kwanza ya Juni mwaka 2000 upepo ulitoka kusini, mita nne kwa sekunde. Akashuka, akapangusa kutu viganjani, akamimina chai. Ndege ziliacha kutua pale tangu ulipojengwa uwanja mkubwa kaskazini mwa Moroni, na ile njia ya lami ikabaki kuwa ya mbuzi siku za kazi na ya Chama cha Mwendo Kasi siku ya Jumamosi.

Chama kilikuwa na wanachama wanne. Wawili walikuwa hai, wa tatu alikuwa marehemu, na wa nne alikuwa mjini Mutsamudu, kisiwa kingine.

Marehemu, Fundi Mroivili, hakukosa hata Jumamosi moja. Enzi za uhai wake alikuwa mwalimu wa dini aliyepiga hesabu za nyakati za sala kwa misikiti saba, na kwa sababu hiyo chama kilimfanya mshika saa. Alifariki mwaka 1991. Jumamosi iliyofuata mazishi alifika uwanjani kama kawaida, saa mkononi, na kwa kuwa saa ile haikuwa imepoteza hata sekunde moja, wenzake hawakuona sababu ya kutafuta mtu mwingine. Tofauti pekee ni kwamba sasa hakula, jambo lililowafurahisha, maana zamani alikuwa akimaliza sambusa peke yake.

Aliyekosekana ni yule wa nne, ambaye alikuwa mzima wa afya.

Huyo ndiye Youssouf, baba yake Nassima. Alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, akaja Moroni akiwa kijana wa miaka ishirini, akaoa Ikoni, akafungua gereji kando ya barabara, akafiwa na mkewe, akaendelea kutengeneza magari ya watu. Mwaka 1997 Ndzuani ilipotangaza kwamba imejitenga na nchi, Youssouf alisikia habari hiyo redioni akiwa amelala chini ya Renault ya mteja. Akamalizia kukaza nati. Lakini Aprili 1999, ujumbe wa Ndzuani ulipokataa kutia saini mkataba wa umoja wa visiwa kule Antananarivo, watu wa Moroni waliingia mitaani kuwasaka Wandzuani na kuwapeleka bandarini. Wengine walipigwa. Youssouf hakupigwa, kwa sababu alipendwa. Wanachama wenzake walimjia asubuhi na mapema. Mzee Houssen alimbebea sanduku, maana lilikuwa zito. Mzee Chamsidine alimtafutia teksi. Walisimama naye gatini mpaka meli ikang'oa nanga, wakampungia mikono, na Chamsidine akarudi na ufunguo wa gereji ili spana zisishike kutu.

Nassima hakuguswa na mtu. Kwa Wangazidja, wenyeji wa kisiwa cha Moroni na Ikoni, mtu ni wa kwa mama yake, na mama yake Nassima alikuwa wa Ikoni na bibi zake wote walikuwa wa Ikoni. Akabaki katika nyumba ya mama yake, na kazi yake, na upepo wake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Ndzuani iliwekewa vikwazo. Simu zikakatwa, ndege zikasimama, barua zikarudi zilikotoka.

Uwanjani, chini ya turubai, lilibaki gari la baba yake.

Youssouf alikuwa amenunua tangi kuukuu la shaba lililotumika kukenekea mafuta ya langilangi, akalipasua, akaligonga kwa nyundo ya mbao kwa miaka miwili mpaka likawa refu na jembamba mfano wa jodari. Ndani alitia injini ya Renault 4 aliyoichokonoa mwenyewe, na chini magurudumu manne membamba. Watu wa Ikoni waliliita Birika. Injini ikipata moto, shaba ilitoa harufu yote ya maua iliyowahi kupita ndani yake, na arusi za Jumamosi pale mjini hazikuhitaji manukato. Novemba 1996 Youssouf aliliendesha kilomita mia moja thelathini na moja kwa saa, kwenda na kurudi, na Fundi Mroivili akaandika.

Tatizo lilikuwa kiti. Kilifinyangwa kwa kipimo cha nyonga za Youssouf. Houssen hakuingia. Chamsidine aliingia, akanasa, ikabidi atolewe kwa mafuta ya nazi mbele ya wapita njia. Basi Nassima, aliyekuwa amekaa kando na daftari lake, aliombwa ajaribu. Akateremka kitini kama kifuniko kwenye chungu chake.

"Haya," Houssen akasema. "Tumepata dereva."

Nassima hakuwa amewahi kutaka kuwa dereva. Lakini alipowasha injini ile na kusikia inavyokohoa mara mbili kabla ya kushika, kama alivyoisikia kila Jumamosi tangu akiwa msichana, alijikuta akicheka peke yake ndani ya shaba. Akasema sawa, mnifundishe.

Wazee wakamfundisha. Houssen alikuwa Sabena, yaani mmoja wa Wakomoro waliofukuzwa Majunga, Madagaska, na kuletwa kwa ndege mwaka 1977, wakabaki na jina la shirika lenye ndege hizo. Kule Majunga alikuwa akivuta riksho, na jioni wavutaji walishindana barabarani kandokando ya bahari, kila mmoja na abiria wake akipiga kelele. Kwa hiyo alijua mwendo kwa miguu kwanza. Kwa mwezi mzima hakumruhusu Nassima kugusa gia. Alimtembeza pekupeku juu ya lami, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka akajua kila ufa na kila kokoto. Kisha alimfunga kitambaa machoni, akamketisha ndani ya Birika na kumwambia atoke haraka kabla hajamaliza kuhesabu hadi kumi.

"Kwa nini, Mjomba?"

"Kwa sababu moto hausubiri utafute mlango. Tena."

Alitoka mara thelathini. Mara ya thelathini alitoka kwa hesabu ya nne, na mbuzi mmoja akaruka kwa mshtuko.

Chamsidine alimfundisha injini: kusikiliza kabureta, kusoma rangi ya plagi, kuweka upepo wa tairi asubuhi kabla jua halijaupasha. Alimfundisha kubadilisha kitu kimoja tu kwa siku na kukiandika. "Ukibadilisha viwili, gari likakimbia, hujui umshukuru yupi," alisema. Alimwonyesha pia namna ya kuweka mifuko ya mchanga mweusi nyuma ya kiti, kilo sabini kamili, ili Birika lisinyanyue mkia.

Na wote wawili walimtahadharisha kuhusu kivuli. Ukipita kilomita mia moja na kumi kwa saa, kivuli hubaki nyuma. Si jambo la kuogopa. Hufika baada ya dakika tatu au nne, kwa miguu, kikiwa na vumbi, na ni lazima ukingojee kabla ya kugeuza, la sivyo Fundi Mroivili haandiki.

Nassima aliuliza swali moja tu.

"Na kusimama?"

Houssen alimtazama Chamsidine. Chamsidine akaitazama spana yake. Kusimama kulikuwa kazi ya Youssouf. Kulifanyika kule mwisho wa njia, mbali, na miaka yote ile wao walisimama mwanzo, wakitazama gari linavyoondoka. Walijua kulikuwa na shuka fulani jekundu, shiromani ya kina mama wa Ndzuani, iliyotoka nyuma ya gari ikatuna. Ilivyokunjwa, ilivyofungwa, hawakujua. Na hiyo shiromani ndiyo Youssouf aliyofungia nguo zilizokataa kuenea sandukuni.

"Ukifika kwenye jiwe la tatu jeupe, toa mguu," Houssen akasema hatimaye. "Birika litapungua lenyewe."

"Kila kitu husimama," Chamsidine akaongeza kwa uchangamfu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi ile ya Juni, upepo mita nne kutoka kusini. Nassima alivaa kofia ya pikipiki juu ya kitambaa chake, akaingia, akafunga mikanda. Fundi Mroivili aliinua leso. Injini ikakohoa mara mbili.

Gia ya kwanza mbuzi walimtazama. Gia ya pili mbuzi walikuwa wamekwisha. Gia ya tatu harufu ya langilangi ilijaa mpaka akaisikia kwenye meno, na njia ile aliyoitembea pekupeku ikaja yote kwa pamoja: ufa wa kwanza, kokoto la mviringo, ufa wa pili. Kwenye mia na kumi alihisi wepesi mgongoni na akajua kivuli kimeshuka. Kwenye mia na thelathini na moja, rekodi ya baba yake, alipiga vigelegele. Hakukusudia; vilimtoka tu, na ndani ya shaba vilirudi kama vya wanawake arobaini. Mia na arobaini. Mia na hamsini. Jiwe la kwanza, jiwe la pili, jiwe la tatu, akatoa mguu.

Birika halikupungua. Halikuwa limefundishwa.

Lami iliisha, mawe ya volkano yakaisha, ikaja bahari, na Birika likaendelea juu yake bila kubadilisha sauti. Magurudumu yaliacha mistari minne myeupe. Nassima alishika usukani kama alivyofundishwa, kwa vidole na si kwa ngumi, na macho akayatupa mbali. Kwa kuwa alijua ramani za upepo, alikata taratibu kushoto, akaizunguka ncha ya kusini ya Ngazidja, akauelekeza mdomo wa Birika mashariki. Petroli iliisha alipoanza kukiona kisiwa cha Mwali upande wa kulia, lakini Birika halikuangalia kipimo. Hapo katikati palikuwa na boti ya doria iliyokuwa ikilinda vikwazo. Baharia mmoja alimtazama kwa darubini, akaita mwenzake, na mwenzake akaandika: gari, moja, kuelekea mashariki. Orodha ya vyombo vilivyokatazwa ilitaja meli, mashua, ngalawa na ndege. Wakampungia mkono. Nassima naye akapunga, akicheka sana mpaka kioo cha kofia kikapata ukungu.

Baada ya dakika hamsini na tano aliingia bandari ya Mutsamudu, akapanda ngazi za gati na kuzama katika mji wa mawe.

Vichochoro vya Mutsamudu ni vya kutembea kwa miguu, na watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Birika lilikusanya magurudumu yake ndani kama mwanamke anavyokusanya shuka akivuka dimbwi, likapita. Watu walijibana ukutani. Lilipita chini ya vyumba vilivyojengwa juu ya njia, likapita milango ya nakshi, sokoni, msikiti wa Ijumaa, kisha likarudi pale pale, maana vichochoro vile vyote hurudi pale pale. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde ishirini. Nassima hakujua kusimama, basi akazunguka.

Mzunguko wa pili bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele mlangoni alimwamkia, "Jeje!"

Mzunguko wa tatu Nassima alimjibu, "Njema, Koko! Namtafuta Youssouf!"

Mzunguko wa nne: "Youssouf yupi?"

Wa tano: "Fundi magari! Alitoka Moroni!"

Wa sita: "Nduguye Koulthoum?"

Wa saba: "Huyo huyo!"

"Kwa nini hukusema mapema," bibi akasema mzunguko wa nane, akasimama, akaweka ungo chini, akaenda kumwita.

Mzunguko wa kumi na moja baba yake alikuwa amesimama mlangoni, na mswaki mdomoni. Alikuwa amezeeka kidogo upande wa nywele. Hakushangaa, alisikia injini yake tangu iko baharini, na kilichomsumbua ni plagi ya tatu, ambayo haikuwaka sawasawa. Alitoa mswaki.

"Nani amekupa gari bila shuka?" akauliza.

"Mjomba Houssen!" Nassima akajibu alipopita tena.

"Wazee wapumbavu. Usitoe mguu ghafla!"

Mzunguko. "Nimeshatoa!"

"Urudishe! Kidogo!"

Mzunguko. "Nimeurudisha!"

"Sasa uutoe kama unatoka chumba cha mgonjwa!"

Wakati huo Shangazi Koulthoum, dada yake Youssouf, alikuwa ametoka nje amejifunga shiromani mpya ya nyekundu na nyeupe aliyoiweka kwa ajili ya arusi. Ile ya zamani ya breki ilikuwa imekwisha kuwa pazia, kisha kitambaa cha jikoni. Youssouf alimwomba ile mpya. Koulthoum alikataa. Nassima alipita, akamwamkia shangazi yake kwa adabu. Koulthoum akaivua. Youssouf alichukua mkasi akakata tundu katikati, upana wa kisahani cha kahawa, na dada yake akashika kichwa.

"Tundu la nini tena, Youssouf?"

"Upepo ukikosa pa kutokea, unabeba kila kitu," alisema huku akifunga pembe nne kwa kamba. Birika lilipotokeza alijibana mlangoni, akakingoja kile kindoano kidogo cha mkiani alichokichomelea mwenyewe, akatupa kitanzi.

Shiromani ikatuna kichochoro kizima, ukuta hadi ukuta. Ikavuma. Birika likashusha pumzi, likapungua mlango kwa mlango, likasimama mbele ya ngazi za msikiti wakati mwadhini anafungua kinywa kwa sala ya adhuhuri. Watu wakalizunguka kuingia kusali.

Nassima alitoka kwa hesabu ya nne. Youssouf alimshika mabega, akamtazama.

"Umekonda," alisema. "Umekula?"

Nassima alitaka kulia na badala yake alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na baba yake akakaa naye, naye akashikwa na kicheko, na Koulthoum aliyekuwa ameshika shiromani yake yenye tundu akasema hawa watu wawili hawana haya, kisha naye akaanza.

Alasiri alikuja Oumouri, karani wa bandari, amevaa kofia yake safi, na fomu mkononi. Ndzuani sasa ilikuwa nchi, alieleza, na mtu akiingia nchini ni lazima ajaze. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: meli na ndege. Oumouri aliliangalia Birika kwa muda mrefu, akatoa rula, akachora kisanduku cha tatu, akaandika kando yake "birika", akatia alama. Kisha aligonga muhuri.

"Kivuli chako kiko wapi?" akauliza, maana sehemu ya alama za mwili ilikuwa bado wazi.

"Kinakuja."

Kilifika siku ya tatu, kimelowa hadi magotini. Kilipita bandarini bila kuulizwa chochote.

Nassima alikaa Mutsamudu wiki mbili. Mji ulikuwa hauna mafuta ya taa, unga ulikuwa wa kutafutwa, na Youssouf, fundi wa injini, alikuwa akitengeneza majiko ya makaa kwa makopo ya maziwa. Kila asubuhi waliliburuta Birika hadi uwanja wa ndege wa Ouani, ambako kwa ajili ya vikwazo hakuna ndege iliyotua, na baba akamfundisha mwanawe kusimama. Alimfundisha kukunja shiromani mara saba, kuiachia, kuhesabu tatu, ndipo aguse breki. Alimfundisha kwamba mahali pa kusimamia huchaguliwa kabla ya kuondoka. Zaidi ya yote alimfundisha kuanza mapema.

"Anza kusimama wakati bado una raha," alimwambia. "Ukingoja mpaka uogope, umechelewa."

Jioni alimuuliza habari za Ikoni. Goti la Houssen je? Fundi Mroivili bado anakuja? Nassima alijibu yote. Kisha akamwambia kwamba Chamsidine anafanya kazi katika gereji.

"Na bango?" Youssouf akauliza.

"Bado linasema Gereji Youssouf. Mjomba Chamsidine anasema wateja wamelizoea."

Youssouf alifikiri. "Ni kweli," alisema. "Wamelizoea."

Siku ya kuondoka walimwaga mchanga mweusi uliokuwa nyuma ya kiti, maana ulikuwa umeloa. Ilibidi kupata kitu kingine chenye uzito ule ule. Youssouf alipanda mizani ya karafuu ya bandarini, akawa kilo sabini kamili. Oumouri akaandika katika fomu ya kutoka: abiria mmoja, mzigo mmoja. Youssouf alilala chali nyuma ya kiti, mikono kifuani, na Koulthoum akampa maandazi ayashikilie. Safari nzima Nassima alimsikia nyuma ya kichwa chake akiimba, akikosoa gia, akiimba tena. Baharia wa doria safari hii hakuchukua hata darubini.

Ikoni walikuwa wakingoja. Houssen alikuwa ameketi uwanjani kila siku kwa wiki mbili, na Fundi Mroivili alikuwa bado ameshika saa, hajaisimamisha. Nassima alitoka baharini kwa mia na hamsini na tatu, akaachia shiromani, akahesabu tatu, akasimama kwenye jiwe la tatu jeupe, gurudumu likiligusa kidogo tu. Wanawake waliokuja na vikapu vyao walipiga vigelegele. Youssouf alipotambaa kutoka nyuma ya kiti, nguo zikinukia maua, Houssen alimkumbatia akalia waziwazi, na Chamsidine akambusu mikono yote miwili. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Wakamletea chai, ndizi, samaki, wali wa nazi. Wakamuuliza kuhusu tundu la kisahani, na akawaeleza, na wazee wale wakapiga mapaja wakisema kumbe, kumbe. Mchana kutwa walijifunza kusimama. Houssen, kwa miaka sitini na minane yake, alivuta mkokoteni wenye shuka mkiani akiruka kama kijana wa Majunga, akaachia, akasimama, akaomba tena.

Hakuna aliyesema neno baya. Hakuna pia aliyesema, kaa.

Nassima alingoja. Jua lilipoanza kuteremka alimvuta Houssen kando, karibu na ngazi ya kipimo cha upepo.

"Mjomba, leo usiku Baba atalala wapi?"

Houssen alijifuta jasho. "Mwanangu, hakuna aliyemkataza. Ila mambo hayajapoa."

"Mlisema hivyo mwaka jana. Na wewe ndiye uliyembebea sanduku."

"Ndiyo," Houssen akasema. "Majunga, jirani yangu alinibebea langu mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa mtu mwema sana. Nilimshukuru." Aliangalia goti lake. "Nilikuwa na uhakika baba yako angeelewa."

Nassima aligeuka. Alimtazama baba yake kule kwenye kiti cha plastiki, akiwaonyesha watu namna ya kukunja mara saba, uso wote umeng'aa. Houssen alitazama jua, akatazama bahari, akasema kwa upole na kwa sauti ya kusikika, "Youssouf, upepo utageuka."

"Kweli," Youssouf akasema, akasimama. Wakalisukuma Birika wote pamoja hadi mwanzo wa njia.

Basi ikawa desturi. Kila Jumamosi Nassima aliondoka alfajiri kwenda kumchukua, na kila Jumamosi jioni alimrudisha. Idara ya hali ya hewa ilimwongezea safu katika daftari. Oumouri alichapisha fomu mpya zenye visanduku vitatu. Boti ya doria iliomba, kama si taabu, wapitishiwe magazeti. Rekodi ilipanda hadi mia na sitini na moja, kwenda na kurudi, kwa mwandiko wa Fundi Mroivili, na vijana wa Mvouni na wa Moroni mjini walishuka Ikoni kutazama, si kuondoka tena, bali kusimama. Walijipanga kwenye jiwe la tatu na kushangilia shuka likituna. Siku ambayo Youssouf hakuja kwa sababu ya mafua, watu wengi walisikitika.

Jumamosi moja ya Septemba, jioni, chama kilipokuwa kikijaza petroli kwa safari ya kumrudisha Youssouf, Chamsidine alifika akitembea haraka kutoka gerejini, kapu kichwani. Alilishusha mbele ya Youssouf, akalifunua. Zilikuwa ndimu, kubwa, zenye ganda jembamba, nyingine na majani yake.

"Nimekuletea zawadi," alisema, akihema. "Ule mti wako nyuma ya gereji. Mwaka huu umezaa ajabu, hatujui tuzipeleke wapi."

Youssouf alichukua moja, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa.

"Unaumwagilia?" akauliza.

"Kila jioni," Chamsidine akasema. "Kila jioni, Youssouf, wallahi."

"Vizuri. Ahsante sana."

Akaingia nyuma ya kiti, akalala chali, akaliweka kapu juu ya kifua chake. Kwa kuwa ndimu ziliongeza kilo nne, Nassima aliomba dakika moja, akaongeza upepo wa tairi za nyuma, akaandika.